Manjano Chini ya Nyekundu

Maji ya beseni yaligeuka mekundu saa tatu asubuhi, na Bohdana akajua kwamba ameshaivuka rangi nyeupe ya juu. Aliyamwaga kwenye ndoo, akajaza mengine, akaloweka msasa. Kiwiliwili cha ndege ya mfano, ya kurushwa mashindanoni, kililala mezani juu ya vipande viwili vya sponji, kirefu kama mtoto wa darasa la pili, chembamba mkiani kama mpini wa ufagio. Mabawa yake yalikuwa ukutani, yamefungwa shuka.

Kazi ile haitaki pupa. Faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizolishwa gundi. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya gundi tupu, na juu ya ngozi hiyo ndiyo rangi. Ukisugua pakavu, vumbi linaingia mapafuni na halitoki. Ukisugua kwa hasira, unaipasua ngozi, unazifikia nyuzi, na ndege imepata kidonda. Kwa hiyo unafungua dirisha, unavaa barakoa na glavu, unasugua kwa maji, mizunguko midogo midogo, na mara kwa mara unapitisha kidole kuuliza umefika wapi. Hayo yote alifundishwa na baba yake akiwa na miaka tisa, kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe.

Baba huyo, Mzee Čeněk, alikaa kwenye kiti chake kwenye ncha ya meza, upande wa mkia. Karakana ilikuwa chini ya nyumba, ngazi kumi na moja kutoka jikoni, na kila asubuhi Bohdana alimshusha hatua kwa hatua, mkono wake kiunoni mwa mzee. Kiharusi kilikuwa kimemwachia nusu ya mwili na ulimi wote.

"Unaibembeleza," alisema. "Hiyo ni ndege, siyo paka."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuibembeleza."

"Nilikufundisha mengi. Umeshika ya polepole tu."

Ndege ilitakiwa Jumamosi. Chama cha ndege ndogo cha kijiji kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, na mwenyekiti, Mzee Kubát, alitaka kuionyesha ikiwa ya manjano kama kwenye picha ya zamani iliyotundikwa baa. Alikuja mwenyewe kuiomba, akanywa glasi mbili za pombe ya plamu, akatania kwamba ndege hiyo imevaa makoti mengi kuliko bibi yake wakati wa theluji. Mzee Čeněk alikataa mara tatu. Mara ya nne watu wote wa baa walikuwa wanamtazama, akakubali.

Manjano ilikuwa rangi ya mwaka ule. Bohdana alikuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa jioni, na kesho yake baba yake angeshindania nafasi ya kuiwakilisha nchi, na kijiji kizima kilishampa kombe mdomoni. Bohdana aliomba aibebe ndege hadi kwenye gari. Kwenye ngazi ya saba soksi iliteleza. Hakuumia, aliikumbatia ndege hadi chini. Baba yake aliichukua, akaipeleka dirishani, akaigeuza mara mbili, akaweka kidole mkiani, akasema umepata ufa. Basi. Hakumpiga wala hakumfokea. Alijifungia karakanani wiki nzima, ndege ikatoka nyekundu, na hakushindana tena maishani mwake.

Tangu hapo Bohdana alikuwa mtu wa kulipa bila kudaiwa. Alipokuja kumuuguza, alikuja kwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa sita. Shangazi Růžena, mjane, alishasema mara mbili kwamba yuko tayari kuhamia na kukaa na kaka yake. Kila Bohdana alipotaka kuitikia, aliiona ile ngazi ya saba, na ulimi ukarudi ndani.

Mfukoni mwa aproni yake kulikuwa na barua kutoka mji wa Brno. Karakana ya kutengeneza ndege halisi zisizo na injini, zile zinazobeba watu, ilimtaka. Mama mwenye karakana alitaka jibu kwa simu, lisizidi saa sita mchana, Ijumaa. Leo ilikuwa Ijumaa. Mzee hakuambiwa.

Saa nne ilipogonga, msasa ulikuwa umefika nyuma ya mahali pa mabawa, ukielekea mkiani. Mzee Čeněk alikohoa.

"Kabati la chini kuna kopo," alisema. "Paka, ngoja robo saa. Rangi yote itavuka kama soksi."

Bohdana aliacha kusugua. Alilijua lile kopo. Lilikuwa na maneno mawili ya kalamu nene, mwandiko wa baba yake: CHUMA TU. Dawa ile haichagui. Inakula rangi, kisha inakula gundi, na faibaglasi inalainika kama mkate uliotumbukizwa kwenye maziwa. Mzee huyuhuyu aliwahi kumwamuru mwanachama mmoja ainuke mezani kwake, kwa kosa la kuipaka kwenye ndege yake. Kwanza Bohdana aliogopa kwamba kiharusi kimerudi. Akamtazama mdomo, haukuwa umepinda zaidi. Akamtazama macho. Yalikuwa mkiani.

"Itaharibika, baba."

"Iharibike. Ni yangu."

Bohdana aliliacha kopo kabatini. Alibadili maji, akachukua msasa laini zaidi, akaanza kusugua mkia. Nyekundu iliondoka taratibu, ikateremka vidoleni, na chini yake manjano ikafunguka, kwanza kama doa, kisha kama utepe. Aliuzungusha mkia, akasugua chini, akasugua ubavuni. Ufa wa faibaglasi haufi kimyakimya. Unauchimba, unalaza kitambaa cha nyuzi, unamimina gundi, unasawazisha kwa lipu ya kijivu, ndipo unapaka. Hapakuwa na kijivu. Hapakuwa na kitambaa. Kati ya nyekundu na manjano hapakuwa na kitu chochote, na manjano yenyewe ilikuwa nzima kutoka mahali pa mabawa hadi ncha, laini kama yai.

Alipitisha kidole. Akavua glavu, akapitisha tena.

"Haikuwa na ufa," alisema.

Mzee Čeněk alitazama dirisha. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Ulinionyesha, baba. Uliniwekea kidole pale."

"Ulikuwa unalia. Ungeona chochote."

"Kwa nini?"

Bohdana hakumsaidia kutafuta neno, yeye aliyezoea kummalizia hata sentensi za kuomba chumvi.

"Nilikuwa na siku tatu sijalala," mzee alisema mwisho. "Kila niliyekutana naye alinipongeza. Kwa kitu ambacho sijakipata. Halafu wewe ukaanguka." Mkono wake mzima ulishika ukingo wa meza. "Usiku ule nililala, Bohdana. Nililala kama mtoto."

"Miaka ishirini na miwili."

"Nilidhani utasahau. Watoto husahau."

Bohdana alikausha mikono, kidole kimoja kimoja. Alisafisha beseni, akalijaza maji safi, akaliacha mezani na msasa ndani yake, kwa mazoea tu.

Kengele ya kanisa ya saa sita ilianza kulia.

"Unakwenda wapi?" mzee aliuliza. Alijua, kama alivyojua binti yake, kwamba ngazi zile hawezi kuzipanda peke yake.

"Jikoni. Nitarudi nikupandishe ukale."

Kwenye ngazi ya saba mkono wake ulinyooka kuutafuta ukuta, kama kawaida yake. Aliurudisha. Alipanda zilizobaki mikono ikiwa mitupu, akauacha mlango wazi, akatoa barua, akabonyeza namba.

Simu ilipokuwa inaita alisikia, kutoka chini, msasa ukikwaruza. Ulikwenda polepole, bila mpangilio, kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Bado palikuwa na nyekundu ya kuondoa puani mwa ndege, nyingi tu. Lakini pua ilikuwa mbali na kiti cha mzee. Mkono wake ulifika mkiani tu, na mkiani ilibaki manjano peke yake.

Kengele ilinyamaza. Msasa haukunyamaza. Kule Brno, mtu aliinua simu.