Nusu Kidole cha Upande wa Kushoto

Mwaka 1995 Bi Thuwaiba alitia saini karatasi ya hospitali, herufi moja moja kama mtoto wa chuo cha Kurani, ili mjukuu wake Lamya, wa miaka saba, apasuliwe ndani ya pua. Wazazi wa mtoto walikuwa Maskati kikazi. Usaha ulimjaa kwenye vijitundu vya mifupa ya uso, hapati usingizi, hasikii hata harufu ya karafuu, na dawa zote zilishindwa. Daktari Mabrouk hakuficha kitu: "Pumzi ataipata. Lakini mifupa ya uso bado inakua, itabidi tumwangalie."

Pumzi Lamya aliipata, na mdomo wa kusema pia. Bi Thuwaiba akabaki na lile neno "tumwangalie." Yeye kazi yake kushona kofia za viua, zile za kutariziwa kwa mkono, na kwa uzi ndivyo alivyojua kuangalia. Kila Idi Kubwa humkalisha Lamya ukumbini, akampima kutoka sikioni hadi ncha ya pua, kulia kwanza, kisha kushoto. Na kila mwaka kushoto kukazidi nusu kidole.

Akanyamaza, akaomba dua. Lamya alipotimia kumi na tano, siri ikamshinda, akamwambia jirani yake Mwanapili.

"Mie simuoni kombo," Mwanapili alisema. "Au wamshonea kofia ya pua, shoga?"

"Cheka! Siku ya Kiama nitaulizwa mie nliyetia saini, si wewe."

Asubuhi ya pili alimshika Lamya mkono mpaka kwa Daktari Mabrouk, ambaye ndevu zake sasa zilikuwa nyeupe. Daktari akapima kwa utepe, akapima tena.

"Uso sawasawa, Bi Thuwaiba. Na watoto waliofuatiliwa miaka mingi baada ya upasuaji kama huu, nyuso zao zimekua kama za wenzao."

"Uzi wangu hausemi hivyo, mwanangu."

"Haya, nipime mie."

Akampima. Kushoto kukazidi nusu kidole.

"Lahaula! Kumbe na mie nlipasuliwa, nkasahau?"

Lamya alikuwa hatazami pua ya daktari, anatazama vidole vya bibi yake. "Bibi! Umeacha ya mshono!"

Kweli. Ukanda wa kofia ukishazunguka kichwa, mwishoni huachwa nusu kidole cha kuunganishia. Miaka arubaini mkono ule umeacha nusu kidole mwishoni bila ya kuuliza mtu, na usoni mwisho wake ulikuwa kushoto.

Bi Thuwaiba akajifunika uso kwa ukaya, mabega yakimtikisika, haijulikani anacheka au analia.

"Miaka minane nakatiwa kofia," Lamya akamshitakia daktari.

"Nyamaza, mke mwenzangu, nimshukuru Mola wangu. Daktari, kibla kiko wapi?"

Daktari akaonyesha upande wa kabati, akakivuta kiti chake ukutani, akampisha asujudu.