Bustani ya Kinyozi Chini ya Maji

Kinyozi hakuwa mtu wa kupandwa na wazimu wa vitu. Wenzake walipoingiwa na wazimu wa pikipiki, yeye aliendelea kutembea kwa miguu. Walipoingiwa na wazimu wa kufuga njiwa, alisema ndege anayetaka kuruka aachwe aruke. Kwa hiyo mteja wake wa siku nyingi, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akihama, alipoingia amekumbatia tangi tupu la kioo na kusema, "Hili halitafika salama niendako, kaa nalo wewe," hakuna aliyedhani jambo kubwa limetokea.

Kinyozi alilifuta vumbi kwa taulo ya wateja, akaliinua kuelekea dirishani. Jua likapita ndani ya kioo, likachora mstari wa rangi rangi ukutani. Hapo hapo akakumbuka kliniki ya meno ambako aliwahi kusubiri zamu yake amejishika shavu. Kulikuwa na tangi limejaa majani mabichi yanayoyumba taratibu, na visamaki vikipenya katikati kama watoto wanaocheza kujificha. Siku ile alisahau jino. Alipoitwa, jirani yake kwenye benchi alilazimika kumgusa bega.

"Nataka bustani," alisema kwa sauti. "Bustani ndani ya maji!"

"Sawa," akajibu mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. "Lakini malizia kwanza hii yangu."

Mke wa kinyozi alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilipakana na kibanda cha mumewe kwa ukuta mwembamba ambao habari ziliupenya bila kubisha hodi. Haukupita muda akasimama mlangoni, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Baba watoto, nasikia umeniletea mke mwenza wa kioo."

"Huyu hana makuu," kinyozi akacheka. "Hali sana."

"Wote hawali sana siku za mwanzo."

Hata hivyo alimpa meza ya chuma ya cherehani yake ya zamani aliweke tangi dirishani. Maji ni mazito, alisema, na ile meza ya magazeti ingepiga magoti.

Aliyewasha moto kabisa alikuwa shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa kike wa mke wa kinyozi, fundi umeme aliyepewa jina la Volti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amepoa. Aliposikia habari za bustani alikuja mbio na mkoba wake wa koleo na tepu, akalizunguka tangi mara kadhaa akilipiga piga kwa kucha.

"Shemeji, mwanga niachie mimi," alisema. "Nina taa kule nyumbani, ilibaki kwenye kazi ya uwanja wa mpira. Ukiiwasha hii, hata vipofu wataomba miwani ya jua."

"Taa ni pambo tu. Mimea ni udongo," kinyozi alijibu. Akavuta mfuko kutoka chini ya kiti, akamwonyesha vijiwe vyeupe vinavyong'aa alivyonunua kwa wauza maua. "Tazama! Chini nitajaza samadi, juu nitatandaza hivi. Itakuwa kama pepo ndogo."

"Mimea ni mwanga!"

"Udongo!"

"Umewahi kuona mchicha unaota kabatini?"

"Na wewe umewahi kuona mchicha unaota kwenye balbu?"

Wateja kwenye benchi walianza kugawana pande kama mashabiki. Fundi cherehani akapiga ukuta kutoka upande wa pili. "Nyinyi wawili! Kuna mtu mjini hapa anauza hayo mambo. Nendeni mkamuulize, mtuache tufanye kazi!"

Mtu huyo aliitwa Mama Mapezi. Duka lake lilikuwa jembamba na refu, limepangwa matangi kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na ndani mlinuka udongo baada ya mvua. Kinyozi alipoingia alisimama tu. Kulikuwa na majani marefu kama utepe, mengine mapana kama masikio ya mbuzi, na kwenye tangi moja nyasi fupi fupi zilizotandaa chini kama zulia. Kisha akasogeza pua mpaka ikagusa kioo.

"Wanaokuja mara ya kwanza huwa hivi hivi," Mama Mapezi alimwambia Volti. "Mwache kidogo, atarudi."

Aliporudi, kinyozi alimwaga shida zake zote kwa mkupuo mmoja: samadi, vijiwe, taa ya uwanja, tangi linalokaa dirishani. Mama Mapezi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kijiwe kimoja kutoka kwenye mfuko waliokuja nao. Akakiweka kwenye kisosi na kukidondoshea siki. Kijiwe kikatoa povu, kikafoka kama soda iliyofunguliwa.

"Hiki kina chokaa," alisema. "Kinayeyuka polepole na kuyabadilisha maji yako. Kuna samaki wanaoyapenda maji hayo, ila mimea mingi ya mtu anayeanza haitakushukuru."

Volti alijipiga paja kwa furaha. "Si nilisema!"

"Wewe hukusema chochote kuhusu chokaa," kinyozi alinung'unika.

"Na wewe binti usicheke," Mama Mapezi akamgeukia. "Mwanga kwa mmea ni kama njaa. Ukiuzidisha, mmea unataka kula kuliko chakula kilichopo. Anayefaidi ni mwani, ule ukoga wa majini. Kwa taa yako ya uwanja na jua la dirishani, mtakuwa na supu ya kijani kabla hamjajua majina ya majani yenu."

Wakatazamana, shemeji kwa shemeji, kila mmoja akitafuta pa kuficha uso. Kisha wote wawili wakaangua kicheko.

Mama Mapezi akawachagulia kila kitu kwa mkono wake. Taa alisema iwe ndefu nyembamba, nyeupe, isiyochoma, yenye urefu wa tangi ili pembe zisibaki gizani, na iwake saa sita kwa siku, basi. Chini watandaze udongo wa kawaida wa bustani, usiotiwa samadi wala mbolea, uliochekechwa, wa unene wa vidole viwili tu. Juu yake uje mchanga wa chembe kubwa uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, ili uufunike udongo usipande juu. Mimea aliyowapa ilikuwa mivumilivu: ya majani ya utepe, inayopenda kuzika mizizi, na mmoja mgumu wa majani meusi meusi.

"Huu usiuzike," alionya. "Ufunge kwa uzi kwenye gogo. Ukiuzika shina, unaoza."

"Uzi upo," kinyozi alisema kwa fahari. "Nimeoa kiwanda cha uzi."

"Na samaki je?" Volti aliuliza.

"Samaki baada ya wiki kadhaa. Kwanza maji yazoee kuwa maji."

Siku ya kazi, kibanda kilijaa kuliko siku ya mkesha wa sikukuu, na hakuna aliyekuja kunyolewa. Tangi lilihamishwa kutoka dirishani hadi ukuta wa ndani. Kinyozi alikuwa ameosha mchanga tangu asubuhi mpaka vidole vikakunjamana kama vya mtu aliyelala mtoni. Akatandaza udongo, akaufunika kwa mchanga, mbele chini kidogo na nyuma juu kidogo. Volti naye alikuwa juu ya stuli, ametengeneza fremu ya mbao yenye minyororo, ili taa iweze kupandishwa na kushushwa.

"Ikizidi tunaivuta juu, ikipungua tunaishusha," alieleza. "Na waya huu, tazameni, nauacha ushuke chini kwanza ndipo upande kwenye soketi. Tone la maji likiteleza litaangukia sakafuni, halitatupiga shoti."

Watu wakanong'ona kwa heshima. Kinyozi akaona zamu yake ya kung'ara imefika. Akanyanyua ndoo nzima ya maji, akaimwaga kutoka juu kama mtu anayezima moto.

Mchanga ukapasuka katikati. Udongo ukaruka, mmea mmoja ukaelea kichwa chini, na tangi likawa chai ya maziwa mbele ya macho ya watu.

Kisha mtu kwenye benchi akauliza polepole, "Sukari iko wapi?"

Hata kinyozi mwenyewe alicheka. Alitumbukiza mikono, akaanza kuutoa mmea. Ndipo mke wake alipojipenyeza katikati ya watu akiwa na sahani na jagi.

"Mafundi wawili wazima," alisema, "na hakuna aliyewahi kumimina uji bila kuumwaga?"

Walichota maji machafu yote, wakausawazisha mchanga upya. Fundi cherehani akalaza sahani juu yake, akaanza kumimina juu ya sahani, kidogo kidogo, mkono hautetemeki. Maji yakapanda yametulia. Yalipofika katikati, kinyozi akachomeka majani ya utepe nyuma, moja moja, na mke wake akafunga ule mmea mgumu kwenye gogo kwa uzi mweusi na fundo ambalo halikuonekana. Volti akawasha taa.

Hawakupata pepo. Walipata maji yenye ukungu, majani yaliyolegea, na gogo lililotaka kuelea mpaka likawekewa jiwe, ambalo safari hii lilipimwa kwa siki. Lakini kinyozi alilitazama tangi kana kwamba ameonyeshwa mtoto wake wa kwanza. "Limesimama," alikuwa akirudia. "Jamani, limesimama!"

Siku zilizofuata zilimtesa kwa utamu. Ukungu ulipungua. Jani moja likageuka manjano, akatamani kulilia. Chini yake likachomoza jingine, jembamba kama sindano, na akaita mtaa mzima. Ukoga kidogo uliposhika kioo, Volti alivuta minyororo akapandisha taa, na kinyozi akaufuta ukoga kwa sponji mpya. Wateja walimtania kwamba ndiye mfugaji pekee duniani anayefuga majani. Yeye meno yote nje.

Kisha asubuhi moja, kinyozi akiwa anamchonga ndevu dereva wa lori, dereva akainua kidole kutoka chini ya shuka.

"Kinyozi, majani yako yanachemka."

Wembe ukasimama hewani. Kwenye kila ncha ya jani kulikuwa na lulu ndogo ya hewa. Moja ilijibandua ikapanda juu, ikafuatwa na nyingine, kisha mistari mizima ya vipovu ikapanda kwenye mwanga kama shanga zinazotungwa na mkono usioonekana.

"Inapumua!" kinyozi alipaza sauti. "Mama watoto! Shemeji! Njooni, inapumua!"

Volti aliyekuwa akirekebisha swichi duka la tatu alikuja na bisibisi mdomoni. Dereva aliinuka na povu la sabuni kwenye shavu moja, akachuchumaa mbele ya kioo. Akasema amepita barabara nyingi na hajawahi kuona kitu kama hiki. Wa benchi wakabanana. Kisha Volti akatoa bisibisi mdomoni na kupiga yowe: juu ya gogo, kitu kidogo kama punje ya mtama kilikuwa kinatembea. Konokono! Amekuja amejificha kwenye mimea, wala hakuna aliyemwalika.

"Tuna mnyama," kinyozi alisema, akijishika kichwa kwa mikono miwili. "Tuna mnyama wetu wa kwanza!"

Akageuka kumtafuta mke wake amwonyeshe. Alikuwa tayari yupo, ameleta stuli yake ya kushonea, ameiweka karibu kabisa na kioo na kukaa, mikono mapajani, macho hayapepesi.

"Umeona vile—"

"Sogea," alimwambia bila kumtazama. "Unanizibia."