Vitundu vya Ukuta wa Nyuma

Mhandisi alipofika kwa mama yake na kuukuta ukuta wa nyuma umepakwa rangi ya maziwa, damu ilimchemka. Kupima udongo ndiyo kazi yake mwaka wa kumi na moja huu, na ukuta ule aliusimamia mwenyewe ili kilima kisije kikaangukia chumba anacholala mama. Aliuwekea safu mbili za vitundu vya kutolea maji. Sasa hakuona hata kimoja, na mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo.

"Nani kaviziba?"

"Mimi," alijibu kaka yake kwa majivuno. "Vilikuwa vinatoa matope kutwa kucha. Aibu kwa wageni!"

"Kaka, una wazimu?" Alipapasa ukuta. Katikati ulikuwa umeota kitambi. "Udongo unasimama kwa sababu chembe zake zinabanana. Maji yakikosa pa kutokea yanazisukuma ziachane, halafu yote yanauelemea ukuta. Sikuujenga kubeba maji!"

"Wewe na vitabu vyako. Si mkavu huo?"

Mkavu! Mtu mzima na ndevu zake anaona rangi imekauka, anadhani na maji yamehama. Hakubishana naye tena. Aliingia ndani, akamshika mama mkono akampeleka sebuleni, akarudi na nyundo na tindo. Akasimama pembeni, akaanza kugonga.

Plasta ya kitundu cha kwanza ilipobanduka, maji yalifyatuka mpaka dirishani kwa mama. Kaka mtu akaruka nyuma, ameloa shati zima.

"Umeona?" alimfokea. "Ungemzika mama kwa ajili ya rangi!"

"Usimfokee mwenzio." Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi ndiye niliyemtuma. Na wewe, ulituambia lini vile vitundu ni vya nini?"

Mhandisi alishusha nyundo. Wakati wa ujenzi mafundi aliwaeleza, tena kwa kirefu, na mchoro juu. Siku hiyohiyo mama alipita na birika la chai akauliza, "Na hivi vitundu, mwanangu?" Naye akamjibu, "Mambo ya kitaalamu hayo, mama, hutayaelewa." Mafundi wakacheka. Hata yeye alicheka.

"Rudi sebuleni, mama," alisema. Akageukia kitundu cha pili na kukigonga kwa hasira ambayo sasa ilimgeukia yeye mwenyewe.