Maji ya Pasaka ya Gaétane

Jumapili ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, Gaétane Thériault alivaa mabuti ya marehemu mumewe, akashuka kwenye kijito nyuma ya uwanja wa hoki, akateka mtungi wa maji kwa kufuata mkondo, bila kusema neno, kama bibi yake alivyomfundisha. Zamani kijiji kizima kiliteka. Siku hizi hapa Québec anateka peke yake, na wanaomwona dirishani huangalia pembeni kwa kumwonea haya.

Maji ya Pasaka hayaozi, hilo rika lake lote wanalijua. Mwaka huu hayakupungua pia. Jumatano alipika supu ya njegere, akaosha vyombo, na mtungi bado umejaa hadi shingoni. Akaufunika, akarudi kwenye soksi anazofuma.

Mwezi wa Mei mabomba ya kijiji yakaanza kutoa maji ya rangi ya chai. Watu wakaja kwake na madumu. Waliokuwa wakimcheka ndio waliotangulia foleni, siwataji, wanajijua. Mwanawe Normand, fundi maji wa halmashauri, ambaye hajakanyaga kanisani tangu kipaimara, alipeleka sampuli maabara. Majibu yakarudi: safi. Kwenye fomu, mahali pa kujaza chanzo cha maji, aliandika: "Mama."

"Umeona sasa?" Gaétane akamwuliza.

"Nimeona maji, Mama. Usianze."

Halmashauri ikauhamishia mtungi ukumbini. Huko ukakauka baada ya watu wanne, kama mtungi mwingine wowote. Wakaurudisha jikoni kwa Gaétane, ukajaa, wakapitisha kwamba jiko lake ni kituo cha maji cha umma. Na kwa sheria ya hapa Québec, kituo cha umma hakiruhusiwi kuwa na alama ya dini. Juu ya mtungi ulining'inia msalaba aliouchonga Réal, mumewe, miezi yake ya mwisho, mikono ikimtetemeka. Upande mmoja ni mfupi kuliko mwingine.

Meya Josiane alikuja mwenyewe kumweleza.

"Na nikikataa?"

"Tutafunga kituo, Bibi Gaétane. Watu watarudi kwenye bomba."

Gaétane alitazama foleni. Maude wa duka la mkate alikuwa amembeba mwanawe, ambaye maji ya bomba yalimwendesha tumbo wiki nzima. Iliniuma kumwona mama wa watu amesimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, akifikiri.

"Normand, lete ngazi," akasema.

Normand alipanda, akalegeza skrubu, akashuka na msalaba kifuani. Hakujua auweke wapi.

"Mama, ungewakatalia tu. Hao hao wanakuita mjinga."

"Wana kiu, mwanangu. Weka kwenye droo ya vijiko, hiyo bado ni yangu."

Normand alitarajia mtungi ukauke. Nadhani alitamani. Haukukauka.

Huu ni mwaka wa tatu. Mabomba hayajatengenezwa, Josiane anasema hakuna haraka, maji si yapo. Kila asubuhi Gaétane hufungua droo kuchukua upawa, hugusa ule upande mfupi, hufunga droo, kisha huwafungulia mlango. Josiane huwa wa kwanza, na madumu mawili.