Maneno Yaliyopitia kwa Opereta

Jioni moja Opereta alitoka jikoni kwenda karakanani akiwa na ujumbe mzito kuliko wote aliowahi kupewa katika nyumba ya mwanawe. Mkamwana wake, akiendelea kukifuta kikombe kilichokuwa kimekauka kitambo, alikuwa amemwambia: "Mama, mwambie mwanao Jumamosi tuna miadi kwa mshauri wa familia. Asipokuja, Jumapili nahamia kwa dada yangu."

Kutoka jikoni hadi karakanani ilikuwa ni kuvuka ua tu, kupita chini ya kamba ya nguo na kukwepa marundo ya sponji. Hata hivyo, safari hiyo fupi ilimtosha Opereta kuifanya kazi yake. Alipofika mlangoni, ujumbe ulikuwa umekwisha kuoshwa, kunyooshwa na kupigwa pasi.

"Baba," alisema, "mkeo anakuomba sana Jumamosi mwende wote kwa mshauri. Anasema bila wewe hawezi kwenda."

Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni kama ilivyo desturi ya watu wa kazi ile. Misumari hiyo ilikuwa imemfaa kwa zaidi ya kazi moja, maana mtu mwenye misumari mdomoni hadaiwi maneno. Alitikisa kichwa kukubali, akapigilia mmoja, akachukua mwingine. Opereta akavuka ua tena.

"Amefurahi," alimwambia mkamwana. "Anasema alikuwa akiisubiri siku hii."

Jina la Opereta alilipata hospitalini, alikokaa mbele ya ubao wa simu mpaka alipostaafu, visikilizio masikioni, akichomeka waya huku na kule ili daktari wa wodini azungumze na mtu wa stoo. Nyumbani hakukuwa na ubao wala waya. Kulikuwa na watu wawili wasiosemezana, naye akawa ndiye waya.

Kimya hicho kilianza miaka miwili nyuma, alipofariki baba yake mkamwana. Fundi alimtanguliza mkewe msibani, akasema anamalizia viti vya ukumbi mmoja na atafuata bila kukawia. Alifika watu wakiwa wanarudi kutoka makaburini, viatu vyao vimejaa udongo. Mkewe hakumwuliza kitu. Yeye naye hakueleza. Wiki zilipopita mkamwana akasema, "Mama, mwambie chakula kipo mezani," ilhali mwambiwa alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka hapo, na tangu siku hiyo ikawa ndio mtindo.

Opereta hakuweza kutazama nyumba ikiungua huku amekunja mikono. Kwa mkamwana alipeleka neno ambalo hakutumwa: "Mwanangu, mumeo anasikitika sana kwa siku ile. Anasema hana uso wa kukutazama." Kwa mwanawe alipeleka jingine ambalo pia hakutumwa: "Mkeo anasema yamepita." Alitumaini kwamba kila mmoja, akishalipata neno lake, angepiga hatua moja mbele, na wangekutana katikati. Lakini kila mmoja alikaa na neno lake akingoja. Mke alingoja mume aliyeomba radhi kwa kutuma mtu aje aombe kwa kinywa chake. Mume alingoja mke aliyekwisha kusamehe aache kununa. Kadiri walivyozidi kungojana ndivyo kila mmoja alivyozidi kumwona mwenzake mnafiki.

Hayo Opereta aliyaelewa akiwa amechelewa, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Kwa hiyo mkamwana alipomjulisha kwamba mshauri anawataka wote watatu, aliingiwa na hofu. Alijua kuwa wawili hao wakiketi mbele ya mtu mwenye akili timamu na kuulizwa maswali mawili tu, maneno yake yangeanikwa hadharani. Hapo wangeachana kweli, tena kwa mkono wake.

Usingizi ulimpaa siku zile. Mchana aliketi kwenye kochi lake la pembeni sebuleni, ambalo springi yake moja ilimchoma ubavuni siku zote, akawaza maneno ya kujitetea asiyapate.

Mshauri alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Mkamwana alimfahamu dukani kwake, kwa kuwa kazi ya mkamwana ilikuwa kupima macho ya watu na kuwachagulia miwani, na mshauri alikuja kubadilisha lenzi. Mshauri huyo alifundisha chuoni, na siku za Jumamosi alipokea familia katika chumba kimoja cha hospitali ileile ya Opereta. Walipokuwa wakipita ukumbini, Opereta alichungulia kilichokuwa chumba chake cha simu, akakuta kimejaa maboksi.

Mshauri aliwaeleza shughuli yake bila haraka. Kwa muda mrefu, alisema, watu wa fani yake walizoea kuwaita mume na mke peke yao. Sasa baadhi ya watafiti wameanza kumtazama pia yule wa tatu ambaye maneno hupitia kwake, awe mama, dada au mtoto. Wao pale chuoni walikuwa wakijaribu njia moja: kumleta wa tatu chumbani, kumkalisha karibu na mlango, nyuma ya wenye maneno, na kumwomba asitamke lolote. Kama njia hiyo ilifaa au haikufaa, hakuweza kusema bado.

Fundi, aliyekuwa hana misumari siku hiyo na hakujua midomo yake aifanyie nini, aliuliza kama wao ndio panya wa maabara. Mshauri alijibu kwamba panya haombwi ruhusa, nao wameombwa, na mlango haukufungwa kwa ufunguo.

"Na mimi wakiniuliza?" alisema Opereta.

"Usiwajibu, Mama. Hata wakikugeukia."

Akaketi karibu na mlango, mkoba mapajani, akiviona visogo vya watu aliozoea kuwatazama usoni, mmoja mmoja.

Mshauri alimtaka mkamwana aseme neno moja la mumewe ambalo amelitunza moyoni tangu waache kusemezana. Opereta alifumba macho. Alijua neno litakalotoka kama anayesikiliza simu ikiita upande wa pili.

"Alisema anasikitika kwa siku ya maziko ya baba," mkamwana alisema. "Kwamba hana uso wa kunitazama. Nikangoja aje aniambie hivyo mwenyewe, hakuja."

Fundi aligeuka taratibu. "Sijasema."

"Hukusema?"

"Sijasema neno hilo kwa mtu yeyote. Na wewe ulisema yamepita."

"Mimi? Hayajapita hata leo."

Vichwa vyote viwili viligeukia mlangoni kwa pamoja. Opereta aliubana mkoba. Katika maisha yake hakuwahi kuwa na maneno mengi kiasi kile kooni, wala hakuwahi kukatazwa kuyatoa. Alimtazama mshauri kwa macho ya kuomba ruhusa. Mshauri akatikisa kichwa kukataa, bila ukali.

"Mama hayupo," alisema mshauri. "Mpo ninyi wawili. Neno hilo hukulisema, sawa. Je, lingekuwa lako, lingekuwa kweli au uongo?"

Fundi aliinamia mikono yake iliyojaa alama za nyundo.

"Kweli," alisema. "Viti viliisha asubuhi ya siku ile. Nilikuwa nimevaa, nimefunga na mlango. Nikarudi ndani. Nikaketi nikang'oa misumari kwenye kiti kilichokwisha, nikaipigilia tena, nikaing'oa tena. Niliogopa kumwona baba mkwe akishushwa kaburini. Baba yangu nilimwona akishushwa, na mpaka leo naiona ile kamba."

Opereta aliikumbuka kamba hiyo. Ni yeye aliyemshika mwanawe mkono siku hiyo na kumsogeza mbele kabisa, kwa kuamini kwamba mtoto wa kiume anapaswa kuona. Hakuwa amejua kwamba ilimkaa mwanawe hivyo. Neno alilolitunga mwenyewe kwa ajili ya kuzima moto lilikuwa, kumbe, limepita karibu sana na ukweli ambao yeye mwenyewe hakuufahamu.

"Kwa nini hukuniambia?" mkamwana aliuliza.

"Nilikuwa na misumari mdomoni."

"Miaka miwili?"

"Ilikuwa kazi kubwa."

Mkamwana alijaribu kukasirika, ikamshinda. Kicheko kilimtoka kikiwa kimechanganyika na machozi, akakifuta kwa ukingo wa mtandio. "Mimi nilidhani hukujali," alisema. "Nilidhani viti vya watu vilikuwa bora kuliko baba yangu. Nilikuwa najiandaa kuondoka kwa sababu ya viti."

"Nisamehe, mke wangu."

"Ngoja. Usinisukume. Nimelisikia sasa hivi tu." Akavuta pumzi. "Lakini nimelisikia."

Baada ya hapo ikawa kama watu wanaofungua sanduku la zamani na kushangaa vilivyomo. Mkamwana alikumbuka ujumbe mmoja kuhusu gauni lake la bluu: kwamba mumewe alisema limemkaa vizuri mno.

"Hilo nilisema," Fundi alikiri. "Ila nilisema linakubana."

"Alaa. Na wewe unakumbuka nilipokusifu kuwa hakuna fundi kama wewe mji mzima?"

"Nakumbuka sana. Nililala vizuri siku ile."

"Nilisema hakuna fundi wa kuchelewesha kazi za watu kama wewe mji mzima."

Mshauri aliacha kuandika. Alijifanya anasafisha miwani yake, lakini mabega yalimcheza. Nyuma yao, karibu na mlango, Opereta hakujua kama acheke au ajifiche chini ya kiti.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wawili mbele, mmoja nyuma. Opereta aliona jinsi walivyosimama pembeni ya barabara kubishana kama wapitie sokoni, na jinsi hakuna aliyegeuka kumtafuta ili apeleke jibu. Alishusha pumzi ndefu, nyumba haikuvunjika. Lakini pumzi hiyo haikufika mwisho, kwa kuwa hofu nyingine ilikuwa imekalia nafasi ya ile ya kwanza. Waya ukishakuwa hauna kazi, huviringishwa ukawekwa stoo. Walipofika alikwenda moja kwa moja kwenye kochi lake la pembeni, akangoja kuitwa na kuambiwa kwamba dada yake mwenyewe angefurahi kumpokea.

Mkamwana alikuja, akaketi sakafuni mbele yake kama binti anayetaka kusukwa.

"Mama, umetudanganya."

"Nimewadanganya, mwanangu. Mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Nilikasirika kuanzia hospitalini mpaka pale dukani kwa muuza viatu. Halafu nikawaza: kama ungetufikishia maneno yetu kama tulivyoyatoa, tungekuwa tumeachana zamani." Alimshika goti. "Ila basi. Usitubebee tena. Mshauri kasema turudi wiki ijayo, na wewe uje ukae karibu na mlango. Lakini kuna jambo limenikaa. Miaka yote hii umeleta maneno yangu na ya mwanao. Ya kwako sijayasikia hata moja. Wewe mwenyewe una neno gani?"

Opereta alijitafuta ndani kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta swichi katika chumba asichokizoea. Kulikuwa na mengi, na mengine yalihitaji kusubiri, likiwamo la kamba ile ambalo angelizungumza na mwanawe wakiwa wawili. Lakini lililotangulia kutoka lilikuwa dogo.

"Kochi hili linanichoma," alisema.

"Linakuchoma?"

"Springi. Hapa ubavuni. Tangu nihamie."

Mkamwana alimtazama, akaingiza mkono chini ya mto, akaigusa ncha ya chuma, akaruka. Kisha akafanya jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau. Aligeuza uso kuelekea uani na kupaza sauti yake mwenyewe.

"Fundi! Mtu umejaza makochi ya mji mzima, mama yako anachomwa na springi!"

"Springi gani, Bi Miwani?" sauti ilijibu kutoka karakanani, ikiwa wazi, haina kitu mdomoni. Jina hilo la utani halikuwa limetamkwa kwa miaka miwili. "Mbona hajaniambia?"

"Angekuambia saa ngapi? Alikuwa ana kazi!"

Fundi aliingia na nyundo na koleo. Kochi lilipinduliwa, kitambaa kikachanwa, na hapohapo ubishi ukaanza: mke akisema mume anaziba mwanga, mume akisema mpimaji wa macho anapaswa kujua mahali pa kushika tochi. Kila mmoja alimjibu mwenzake papo kwa papo. Opereta alisimama kando kwa muda, mkono ukimwasha kwa mazoea ya kuingilia. Kisha, kama alivyokuwa akifanya hospitalini kila waliopigiana simu waliposikilizana, alijitoa. Aliingia chumbani kwake, akaurudisha mlango taratibu, akajilaza chali kitandani, mahali pasipokuwa na springi ya kuchoma, akawaacha waendelee.