Bi Odessa Hakusema Neno

Noelle Tolliver, mtoto wa miaka tisa, alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu. Si magari wala ngazi. Alihesabu watu weusi. Akiingia mahali popote na baba yake, iwe mgahawani, maktabani au kwa daktari, macho yalizunguka mara moja, kisha akamvuta baba mkono na kumnong'oneza jumla. Kule Fargo walikokuwa wakiishi, mji wa kaskazini mwa Marekani wenye wazungu karibu watupu, hesabu haikumsumbua. "Wawili, baba." Yaani yeye na baba. Shuleni baba hakuwepo, kwa hiyo shuleni alikuwa mmoja.

Winfred, baba yake, alikuwa akizicheka hesabu hizo mpaka siku mwalimu alipompigia simu kumweleza kwamba Noelle hanyooshi tena mkono darasani. Majibu anayajua, mtihani anafaulu, lakini kinywa hafungui. Jioni baba akamuuliza kulikoni. Mtoto akasema, "Nikikosea, wanasema watu weusi wamekosea. Bora ninyamaze." Jamani, mtoto wa miaka tisa! Winfred alikwenda kujifungia gereji akalia peke yake, maana mama yake Noelle alishafariki. Wiki hiyohiyo akaomba kazi Atlanta, jiji la kusini lenye watu weusi tele, akaipata, kwani ni mhandisi wa madaraja na madaraja hayakosekani. Akamwahidi mwanawe: "Huko hutakuwa mmoja. Baba kasema."

Sasa kuahidi ni rahisi, kazi ni nyumba. Walipofika Atlanta kutafuta walikuwa na siku mbili tu, ndege ya kurudi ilikuwa Jumapili mchana, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki nne. Nyumba ikikosekana safari hiyo, kampuni ingewapa fleti kaskazini mwa jiji, karibu na ofisi. Walishakwenda kuiona Ijumaa. Noelle aliingia pale mapokezi, akazungusha macho, akasema, "Wawili, baba." Winfred usiku huo hakulala vizuri.

Dalali wao alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, Odessa Grier, ambaye jiji zima lilimwita Bi Odessa. Jumamosi asubuhi aliwafuata hotelini na gari lake linalonukia peremende. Winfred hata mkanda hajafunga, akaanza.

"Bi Odessa, nisikufiche. Nataka mtaa wa watu weusi waliosoma. Madaktari, mawakili, walimu. Mwanangu akiamka amwone hakimu anayefanana naye anamwagilia maua amevaa bukta. Mtaa huo uko wapi?"

Bi Odessa akawasha gari. "Hilo siwezi kukujibu, mwanangu."

"Hujui?"

"Nimezaliwa hapa, wazazi wangu nimewazika hapa, nitakosaje kujua? Sheria hainiruhusu. Dalali haruhusiwi kumwambia mteja rangi ya watu wa mtaa wowote. Niulize paa, niulize mabomba, niulize mchwa. Watu mimi siwasemi."

"Lakini mimi na wewe..."

"Hata mimi na wewe! Zamani madalali ndio waliowaambia wazee wetu waishi wapi na wasikanyage wapi. Sheria ikatungwa kuwaziba midomo. Leseni hii ninayo miaka thelathini na moja, siitupi kwa ajili ya kijana aliyekuja juzi na suruali imepigwa pasi mpaka inasimama."

Noelle akacheka kule kiti cha nyuma. Winfred akanuna. Akajisemea moyoni kwamba mama huyu anaringa tu, mtu mweusi mwenzake anamwacha ahangaike. Akatoa kompyuta. Huyu bwana alikuwa ametengeneza jedwali la mitaa yote ya Atlanta, lenye tarakimu za serikali, safu kumi na nane. Akasoma mtaa wa juu kabisa: weusi asilimia tisini, chuo kikuu asilimia themanini.

"Nipeleke huu," akasema kwa kiburi.

Bi Odessa akautazama, akataka kusema kitu, akafunga mdomo. Akaendesha.

Lo! Walipofika, saa nne asubuhi, mtaa mzima ulikuwa unatikisika kwa ngoma. Vijana wa bendi ya chuo walikuwa wanafanya mazoezi katikati ya barabara, tarumbeta juu. Masofa yalikuwa barazani, na kijana mmoja anapika mayai kwenye jiko la kuchomea nyama, amevaa taulo. Winfred alikuwa amesoma safu ya watu *walioko* chuoni akadhani ni ya waliomaliza. Mhandisi mzima!

"Arobaini na sita, baba," Noelle akasema, "na yule wa taulo."

Bi Odessa alikuwa ameegemea usukani, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Usiniulize. Watu mimi siwasemi."

Mtaa wa pili kwenye jedwali ulikuwa umebomolewa wote na kujengwa nyumba mpya nzuri ambazo hakuna aliyehamia bado. Noelle alitazama huku na huku akasema, "Watatu, baba, na Bi Odessa." Baba yake alikunja kompyuta. Saa zilikuwa zinakwenda, na fleti ya wawili-baba ilikuwa inamngoja.

Ndipo Bi Odessa akasema, "Sasa mimi nina ahadi ya nywele saa sita. Mtanisubiri."

"Nywele?" Winfred akapandisha sauti. "Mimi kesho naondoka, nina mtoto asiye na pa kukaa, wewe unaniambia nywele?"

Bi Odessa akamtazama Noelle kwenye kioo. "Na huyu kasukwa na nani?"

"Na mimi."

"Ahaa. Nilidhani upepo."

Walisimama mbele ya saluni ya pembeni mwa barabara yenye miti mikubwa, mlangoni pameandikwa Kwa Verlene. Bi Odessa akatangulia. Winfred akafuata kamshika mtoto mkono, akapita katikati ya wanawake kama kumi hivi, akatafuta kiti, akakaa.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Ala!" akasema Verlene mwenyewe, kitana mkononi. "Huyu katoka wapi? Anaingia kwa watu hasalimii?"

Hapo Winfred akakumbuka malezi. Bibi yake wa Alabama angemtandika. Fargo ilikuwa imemsahaulisha kabisa kwamba ukiingia walipo watu wako unasalimia, tena kwa sauti. Akainuka, akatoka nje na mwanawe, akafunga mlango, akaufungua upya.

"Habari za mchana, mabibi!"

"Nzuri!" wakaitikia wote kwa pamoja, na vicheko juu. Noelle alishtuka, kisha akatabasamu.

Basi wakamvaa kwa maswali. Mtu wa wapi? Kwenu wapi hasa? Kanisa gani? Mke yuko wapi? Aliposema mkewe amefariki, bibi aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia, daktari wa moyo, akaizima mashine ili asikie vizuri, akampa pole ya kweli. Nao wengine wakajitaja: mmoja, kichwa kimejaa karatasi za kutilia nywele rangi na faili mapajani, alikuwa hakimu. Yule wa kwenye beseni ni mwalimu mkuu. Na anayebishana naye kuhusu saladi ya viazi anasanifu viwanja vya ndege. Verlene alimkalisha Noelle kitini, akafumua ile kazi ya baba bila huruma, akaanza kumsuka twende kilioni za mistari iliyonyooka.

Winfred alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Polepole likamwingia.

"Samahani," akasema. "Nyie mnakaa wapi?"

"Hapa hapa!" wakasema, vidole vyote vinaelekea dirishani. "Mtaa wa nyuma. Utakaa wapi pengine?"

Bi Odessa alikuwa kichwa ndani ya beseni, povu mpaka masikioni. "Mimi sijasema neno!" akapaza sauti.

"Hajasema," akasema hakimu bila kuinua macho kwenye faili. "Nimekaa hapa, sikusikia kitu."

Winfred alicheka mpaka akaona haya kwa jinsi alivyomnunia yule mama tangu asubuhi.

Kwenye kiti cha pili alikuwa amekaa mtoto wa rika la Noelle, Amaya, mjukuu wa mwalimu mkuu, anakula barafu ya limau. Noelle akamuuliza lile lililomkaa rohoni.

"Shuleni kwenu mko weusi wangapi?"

Amaya akafikiri, kijiko mdomoni. "Sijui. Sijawahi kuhesabu."

"Hujawahi?"

"Nihesabu ili iweje?"

Amaya akamsogezea barafu, akaanza kumweleza habari za mwalimu wa sayansi anayefuga nyoka darasani. Noelle akasema nyoka hana kope. Amaya akasema anazo. Noelle akanyoosha mkono juu, hapohapo kitini, kama yuko darasani, akasema kwa sauti iliyosikika saluni nzima, "Hana! Nimesoma!" Daktari wa moyo akaamua kwamba Noelle kasema kweli. Winfred aligeukia ukutani akajifanya anasoma bei za nywele.

Nyumba iliyokuwa inauzwa ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, ya matofali, paa linavuja upande mmoja. Bi Odessa alikuwa na funguo zake mkobani tangu asubuhi. Alimweleza Winfred habari za paa, mabomba na mchwa, na habari za majirani hakuzigusa. Saa kumi karatasi zikatiwa sahihi juu ya boneti ya gari.

Wakati wa kurudi hotelini Winfred alikaa nyuma na mwanawe, ambaye alikuwa anajipapasa mistari ya kichwani.

"Haya, nipe jumla," akamwambia. "Mle saluni walikuwa wangapi?"

Noelle akafungua mdomo, kisha akamtazama baba yake kwa mshangao.

"Baba," akasema, "nimesahau kuhesabu."