Uso Chini ya Asumini

Kila aliyefanya kazi katika studio ya Kitwana, ghorofani Mtaa wa Sikukuu, aliijua sheria: video haimfikii mteja kabla ya kutazamwa yote. Anayeivunja huenda nyumbani kwa mteja, akaketi naye, akaitazama mwanzo hadi mwisho bila kunyanyuka.

Jovitha, mhariri wa studio, alipomaliza video ya arusi ya Bi Moza, alitazama hotuba tu. Wasemaji walikuwa wametulia, picha iking'aa. Akaridhika kwamba ameibana video vyema, faili likawa dogo bila kuharibika, akampa Bi Moza flashi yake.

Kesho yake Bi Moza alirudi. Hakugomba.

"Mwanangu, nimemtafuta mume wangu humu, sikumwona."

Kitwana akaichomeka flashi. Ilikuwa arusi ya binti yao, ya mwisho aliyoihudhuria Mzee Adamu kabla hajafariki. Alipokuwa akicheza, akina mama walimmiminia asumini. Maua mengi yakaruka kwa pamoja, na data haba ambayo Jovitha aliruhusu kwa kila sekunde haikutosha kuyachora. Uso ukavunjika miraba miraba.

"Umemgeuza marehemu sakafu ya vigae, wewe!" Kitwana alifoka.

Jovitha aliinamisha kichwa. Kwa bahati, video ya asili ilikuwa bado kwenye kadi ya kamera. Akaifikiria kodeki mpya, yaani mbinu mpya ya kubana video, ibanayo zaidi bila kuharibu, lakini televisheni ya Bi Moza ni ya zamani, isingeweza kuifungua. Basi akachagua ile ya zamani, faili liwe kubwa, potelea mbali. Akaiamuru kompyuta iipitie video mara mbili: kwanza ipime penye vurugu, kisha ipatengee data ya kutosha.

Mashine ikavuma. Makelele ya wachuuzi huko chini yakafifia kana kwamba yatoka chini ya maji, na chumba kikamwonekea kimejaa maua yashukayo polepole, yasifike sakafuni.

Alasiri aliketi mkekani kwa Bi Moza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, washa."

Asumini zikanyesha. Chini yake, uso ulikuwa mzima, ukicheka, hata jasho la kipajini lilionekana. Bi Moza akanyoosha kidole hadi kwenye kioo, kama amwondoleaye mtu ua kwenye nyusi.

"Rudisha hapo."

Jovitha akarudisha. Akarudisha tena, na tena, hata asijue kama maua yanashuka au wao wawili ndio wanaopaa.

Wageni wa mwisho walipoaga mle videoni, kioo kikawa cheusi. Miguu ya Jovitha ilikuwa imekufa ganzi, lakini hakuthubutu kujitikisa.

"Inuka, mwanangu," alisema Bi Moza. "Adhabu yako umeimaliza."